Ardhi iliyo chini ya bembea: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Mpwa wangu alivunjika mkono, karibu na kiganja, alipoanguka kutoka kwenye bembea tuliyoifunga kwenye tawi la mwembe nyumbani kwetu Mukono. Kabla ya siku hiyo tulikuwa tumekagua kamba na tawi, lakini hakuna aliyeinama kuigusa ardhi yenyewe, ambayo nyayo za watoto zilikuwa zimeikanyaga mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Tangu hapo nimezungumza na wazazi na mafundi wengi kuhusu kile kinachofaa kuwekwa mahali watoto wanapochezea, na ninayoyasikia ni yaleyale tuliyoyaamini sisi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba nyasi zinatosha. Nyumba nyingi za Kampala na vitongoji vyake zimepandwa nyasi aina ya paspalamu, nayo kwa kweli ni nzuri kwa kukimbilia, kucheza mpira na kukalia. Chini ya bembea, hata hivyo, haidumu, kwa kuwa miguu ya watoto huikwangua mahali palepale kila siku hadi udongo mwekundu ukabaki wazi. Mwongozo wa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani hauzihesabu nyasi wala udongo mtupu kuwa kinga ya kuangukia, kwa sababu uwezo wake wa kupunguza kishindo hubadilika kulingana na hali ya hewa na kukanyagwa. Anayetaka kuhakikisha na achomeke kijiti chini ya bembea mwezi Januari, baada ya wiki kadhaa bila mvua, aone kama kitazama.

Wengine husema, basi, mwaga mchanga. Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, kwa sababu mchanga unafaa, ila si mchanga wowote wala si kwa kiasi chochote. Mchanga wenye udongo wa mfinyanzi, kama ule unaopendwa kwa kupiga lipu, hushikana ukilowa na kugeuka tofali jua likiwaka. Chukua konzi moja, ulowanishe, uufinye, kisha uuache ukauke: ukibaki donge gumu, haufai, ukimomonyoka kwenye vidole, unaweza kuununua. Kuhusu kina, mwongozo huohuo unaonyesha kwamba sentimita 23 za mchanga humkinga mtoto anayeanguka kutoka kimo kisichozidi mita 1.2, ilhali sentimita 23 za vipande vya mbao hufikia mita 3. Kwa kuwa vitu hivi hushindiliwa kadiri siku zinavyopita, huanza kwa kujazwa sentimita 30 hivi. Safu nyembamba ambayo wengi wetu huimwaga na kuisawazisha kwa reki hupendeza macho, lakini haimsaidii mtoto anayeanguka.

Isitoshe, kimo cha kuanguka kwenye bembea hakipimwi kutoka kwenye kiti bali kutoka pale kamba ilipofungwa, kwa maana mtoto anaweza kuchomoka akiwa amepaa juu sana. Bembea iliyofungwa mita 2 kutoka ardhini kwa hiyo haiwezi kutegemea mchanga wa sentimita 23. Tena eneo la kukingwa si lile la chini ya kiti peke yake, kwani mbele na nyuma linapaswa kuenea mara mbili ya kimo hicho, yaani mita 4 kila upande. Eneo hilo likiwa na upana wa mita 4 na ukalijaza sentimita 30, utahitaji karibu mita 10 za ujazo, na huo ni mzigo mkubwa kwa familia ya kawaida. Maoni yangu ni kwamba asiyeweza kugharimia kina hicho apunguze kimo: afunge bembea chini zaidi, au ajenge ngazi fupi ya kupandia badala ya mnara.

Wazee wetu walitulea kwenye uwanja uliofagiliwa kila asubuhi, na sababu yao ina uzito, kwa kuwa nyoka huonekana mapema mahali palipo wazi. Lakini si kweli kwamba udongo mtupu uliofagiliwa huwaepusha watoto na funza. Kiroboto huyu hupenda vumbi kavu lililolegea, huku minyoo ya safura ikipenya ngozi ya nyayo kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Viatu, choo kinachotumiwa na kila mtu, na mchanga unaofunikwa usiku ili paka wasijisaidie humo, huzuia mengi ya hayo.

Kuhusu mbao, wengi huzikataa kwa kuogopa mchwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kuweka vipande mbali na ukuta wa nyumba na kuviongeza vinapooza. Cha kuogopwa hasa ni masalia ya nguzo za umeme, yenye rangi ya kijani, ambayo watu huyapata kwa bei ndogo, kwani dawa inayotumika sana kuhifadhi nguzo hizo ina aseniki, ambayo ni sumu. Yasisagwe wala kutandazwa mahali watoto wanapokaa.

Saruji na moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa zinafaa kwa baiskeli na kuruka kamba, wala si kwa kuangukia. Nyasi bandia nazo huwaka joto juani, na zikitandikwa juu ya saruji bila safu laini chini yake, ugumu unabaki palepale.

Sisi tuliishusha bembea, tukachimba, tukaweka kokoto chini ili maji ya mvua yapite, kisha kitambaa kinachopitisha maji, na juu yake vipande vya mbao ya mkalitusi. Kwenye kigingi kilicho kando tulipiga mstari wa rangi nyeupe, sentimita 23 kutoka kwenye kitambaa. Mbao zikipungua hadi mstari ukaonekana, watoto wenyewe huja kutuita, na hakuna anayepanda bembea mpaka reki ipite.