Kasi ya mkanda: maana yake kwa mtengeneza visu

Kasi ya mkanda ni urefu wa msasa unaopita mbele ya chuma katika muda fulani, na kwa kawaida huhesabiwa kwa mita kwa sekunde. Mashine ikiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde, basi kila sekunde mita 20 za msasa zinapita pale pale unapogusisha kisu. Hapa Lubumbashi, mtu akitaka kununua au kujiundia mashine ya mkanda, swali la kwanza analoulizwa na wenzake ni nguvu ya mota. Nguvu ina umuhimu wake na nitaifikia. Lakini kasi ndiyo inayoamua kama msasa utakata au utateleza, na kama kisu kitabaki na ugumu wake au kitaungua mikononi mwako.

Mashine yenyewe si fumbo. Ni mkanda wa msasa ulioungwa ncha kwa ncha, unaozunguka juu ya magurudumu matatu au manne. Gurudumu moja limefungwa kwenye shafti ya mota, nalo ndilo linaloendesha. Jingine limekaa kwenye mkono wenye springi. Linaukaza mkanda na kuuelekeza usitoke njiani. Mbele, kati ya magurudumu mawili, kuna bamba la chuma lililonyooka ambalo mkanda hupita juu yake, na hapo ndipo kisu kinapochongwa. Mafundi wengi wa hapa mjini, katika mitaa ya Katuba na Kenya, hutoa visu na mapanga kwenye springi za malori kwa mashine ya diski ya mkononi, na kazi yao si ya kudharauliwa. Ila diski hugusa chuma kwa eneo dogo, ikaacha mabonde ambayo baadaye yanakula saa nyingi za tupa. Mkanda ukipita juu ya bamba lililonyooka, ubavu wa kisu nao hunyooka.

Hesabu ya kasi ni fupi. Pima kipenyo cha gurudumu linaloendesha, kizidishe kwa 3.14 upate mzingo wake, kisha zidisha kwa mizunguko ya mota kwa dakika. Tuseme gurudumu lina kipenyo cha sentimita 15: mzingo wake ni kama sentimita 47. Mota ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, mkanda utakwenda mita 1,340 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mita 22 kwa sekunde. Chukua gurudumu hilo hilo ulifunge kwenye mota ya mizunguko 1,425, na kasi inashuka hadi mita 11. Kuirudisha juu kwa gurudumu peke yake kungedai kipenyo cha sentimita 30, gurudumu zito na la hatari likiwa halijasawazishwa vizuri.

Hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Mota zinazouzwa kwa bei nafuu baada ya kutolewa viwandani na kusukwa upya mara nyingi ni za mizunguko 1,400 hadi 1,450. Ni mota imara, zinadumu, lakini mtu huifunga akaona mkanda unatembea kivivu, akadhani amepewa msasa mbovu. Kabla ya kulipa, futa kibao cha mota kwa kitambaa usome idadi ya mizunguko. Namba hiyo ina thamani kuliko rangi mpya iliyopakwa juu.

Michoro ya mashine hizi inayopatikana kwa wingi inatoka Marekani, na huko umeme ni wa hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde. Kwetu ni hezi 50. Mzunguko wa mota za kawaida hufuata hezi, kwa hiyo mota ambayo kule hufika mizunguko 3,450 kwa dakika, aina yake hapa huishia karibu na 2,850. Ukifuata mchoro neno kwa neno, mashine yako itakuwa na kasi pungufu kwa takriban asilimia 17, hata kama kila kipimo umekipiga sawasawa. Dawa ni kuzidisha kipenyo cha gurudumu linaloendesha kwa 1.2: mchoro ukisema inchi 5, wewe weka inchi 6.

Sasa, kwa nini kasi ina uzito hivyo? Uso wa mkanda umejaa chembe ngumu, na kila chembe ni kipatasi kidogo. Ikipita haraka inang'oa unyuzi mwembamba wa chuma na kuondoka. Ikipita polepole inachimba, inakwama, nawe unalazimika kusukuma kwa nguvu. Mikanda ya seramiki, ambayo ndiyo bora kwa chuma kigumu na ndiyo ghali, hutegemea kasi na mgandamizo: chembe zake humeguka kidogo kidogo na kufunua ncha mpya. Ukiitumia kwenye mashine ya kivivu na mkono mwepesi, chembe hazimeguki; zinasuguliwa tu hadi zinang'aa, na mkanda mpya unaacha kukata. Mwenye mashine ya mita 11 kwa sekunde anapata faida zaidi kwa mikanda ya kawaida ya oksidi ya alumini. Kwa kazi ya kutoa umbo, kwa msasa wa chembe kubwa, namba 36 au 60, mita 20 hadi 30 kwa sekunde zinafaa. Kwa kumalizia, kwa msasa laini wa namba 220 kwenda juu, na kwa mipini ya mbao, mita 5 hadi 10 zinatosha. Zaidi ya hapo mbao huungua na kuacha madoa meusi.

Jambo la joto nataka kukaa nalo, maana hapo visu vingi vizuri huharibika siku ya mwisho. Kisu kikishachomwa na kuzimishwa kwenye mafuta, kisha kikarudishwa kwenye moto mdogo wa nyuzi 200 hivi ili kisiwe kama kioo, ugumu wake umeshapangwa. Kikipata joto zaidi ya hilo, ugumu unashuka. Kwenye mkanda wa kasi, makali yaliyokwisha kuwa membamba hupata joto hilo kwa muda mfupi sana, kwa sababu hakuna chuma cha kutosha nyuma yake cha kulisambaza. Rangi ya manjano ya majani makavu hujitokeza karibu na nyuzi 230; bluu hujitokeza karibu na 300. Ukiona bluu kwenye makali, mahali hapo pamelainika, na kuisugua bluu hadi iondoke hakurudishi kitu. Itabidi kukichoma na kukizimisha upya, au kusaga sehemu hiyo yote iishe.

Njia ninayoipendekeza kwa moyo wote ni ya tone la maji. Weka ndoo ya maji kando ya mguu. Chovya kisu, kitoe bila kukipangusa, hakikisha kuna tone au mawili yamebaki karibu na makali, upande usiogusa mkanda. Saga huku ukilitazama tone. Likianza kutetemeka na kutoa mvuke, rudisha kisu majini. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 96, na tone linakuonya mapema kabisa kabla ya hatari. Shika kisu kwa vidole vitupu. Glavu zinakuficha joto, na glavu za kufuma zikinaswa na mkanda zinavuta mkono mzima.

Kwa kuwa kazi moja inadai kasi mbili au tatu, mashine nzuri hubadilishika. Njia ya bei ndogo ni puli za ngazi kati ya mota na gurudumu: unahamisha mkanda wa mpira kutoka ngazi moja hadi nyingine. Njia bora ni mota ya fezi tatu pamoja na variateri, kifaa kinachobadilisha hezi zinazoingia kwenye mota. Ziko variateri zinazopokea umeme wa nyumbani wa fezi moja, volti 220, na kutoa fezi tatu za volti 220, kwa hiyo huhitaji kuvutiwa laini ya fezi tatu. Lakini soma tena kibao cha mota. Kikiandikwa 220/380, nyaya ndani ya kisanduku chake lazima ziungwe kwa pembetatu. Kikiandikwa 380/660, mota hiyo haifai kwa variateri ya namna hii. Itazunguka, ila itakosa nguvu mara tu ukigusisha chuma. Na hata mota inayofaa, usiiendeshe chini ya hezi 20 kwa muda mrefu, maana feni yake iko kwenye shafti ile ile na upepo unapungua pamoja na kasi. Variateri yenyewe ifungiwe ndani ya sanduku lisilopitisha vumbi. Vumbi la chuma linapitisha umeme, na likitua kwenye saketi, kifaa kimekwisha.

Nguvu, basi. Kwa mkanda wa upana wa milimita 50, mota ya kilowati 1.5 inatosha kwa kazi yote ya visu. Ya kilowati 0.75 inafanya kazi pia, ila itakufundisha kutosukuma. Tatizo letu kubwa ni volti zinazoshuka. Nguvu ya mota ya kusokota hupungua kwa mraba wa volti: 220 zikishuka hadi 180, inabaki theluthi mbili tu. Kinachodanganya ni kwamba mzunguko wenyewe haushuki sana, sauti inabaki ile ile, huku mota ikivuta umeme mwingi zaidi na kupata joto ndani. Halafu unasikia harufu ya vanishi ya nyaya. Pima volti kwenye karakana yako jioni, saa ambayo majirani wamewasha majiko ya umeme, tena upime mota ikiwa kazini. Ikiwa zinashuka sana, fanya kazi ya kutoa umbo asubuhi na uache kumalizia kwa jioni.

Urefu wa mkanda uchague kabla ya kuchomelea chuma cha kwanza. Vipimo viwili ndivyo vilivyoenea kwa watengeneza visu: milimita 50 kwa 1,830, ambavyo ni inchi 2 kwa 72, na milimita 50 kwa 2,000. Uliza kwanza mletaji wako wa bidhaa kutoka Afrika Kusini, zile zinazovuka mpaka wa Kasumbalesa, anaweza kukuletea kipi mara kwa mara, kisha ujenge fremu kufuata jibu lake. Mkono wa springi ukiwa na nafasi ya kutosha, fremu moja inabeba vyote viwili. Mikanda itundikwe kwenye bomba nene, isikunjwe wala kulazwa sakafuni. Msimu wa mvua unyevu huingia kwenye kiungio na kukilegeza.

Kuufanya mkanda ukae katikati kunawasumbua wanaoanza, nako kunategemea umbo la gurudumu la juu, lile la mkono wenye springi. Gurudumu hilo halinyooki kabisa: katikati pamevimba, likizidi pembeni kwa milimita moja hivi. Mkanda uliokazwa hupanda kuelekea palipo juu zaidi, na hapo hutulia. Gurudumu likiwa bapa kabisa, hakuna skrubu ya kurekebisha itakayouzuia mkanda kutangatanga. Zungusha kwa mkono kwanza, rekebisha mwelekeo, halafu washa na kuzima mara moja huku umesimama pembeni, si mbele. Angalia mshale ulioandikwa mgongoni mwa mkanda, uende upande unaozunguka. Bamba la mbele litokeze milimita 2 au 3 mbele ya magurudumu yake, na meza ndogo ya kuegemezea kisu iwe karibu na mkanda kiasi cha milimita 2, ili kidole kisipate pa kuingia.

Magurudumu madogo ni ya kuangalia kwa makini. Lile la sentimita 5, mkanda ukienda mita 22 kwa sekunde, linazunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, karibu mara tatu ya mota. Beringi ya bei rahisi hapo hulia haraka. Nunua zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, na usitumie gurudumu la mbao mahali hapo.

Miwani ya kukinga macho na barakoa nzuri visikosekane. Cheche za chuma ziangukie kwenye ndoo yenye maji, na vumbi la mbao likusanywe mbali nazo, kwa kuwa cheche moja kwenye vumbi la mbao inaweza kuwaka taratibu usiku ukiwa umekwisha kufunga mlango. Na wapo wanaopenda, kwa fahari ya Katanga, eneo letu la shaba, kuweka misumari ya shaba kwenye mpini. Shaba ni laini; inajaza nafasi kati ya chembe na kuuziba msasa, ikishika joto na kuunguza mbao iliyoizunguka. Ipe shaba mkanda wake wa peke yake, namba 120, kasi ya chini, ukigusisha na kuinua, barakoa ikiwa usoni mpaka vumbi litue.