Badiliko la DNA ya mitokondria kwenye uvimbe: kabla hujasema ni kansa, uliza tishu ya jirani inasemaje

Mimi kazi yangu ni kusoma DNA ya mitokondria (vile viwanda vya nishati ndani ya seli), kale kaduara kenye herufi 16,569 na jeni 37, na kila mara naletewa swali lilelile: kwenye uvimbe tumekuta herufi imebadilika, kwenye damu ya mgonjwa haijabadilika, si ndo kansa hiyo? Huwa nasema ngoja kwanza.

Iko hivi. Ya mitokondria tunarithi kwa mama tu, ila seli moja inakuwa nayo nakala mamia mpaka maelfu, na si lazima zote zifanane. Huo mchanganyiko ndo heteroplazimi. Miaka mingi ilichukuliwa kwamba mtu mwenye afya ana aina moja tu mwili mzima, mpaka mwaka 2010 watafiti wa Johns Hopkins wakasoma tishu mbalimbali za mtu yuleyule wakakuta mchanganyiko ni jambo la kawaida kabisa, tena kiwango chake kinatofautiana tishu na tishu.

Sasa chukulia nimefungua nafasi moja kwenye skrini, imesomwa mara 1,000. Damu: A zote. Utumbo, pale pasipo na kansa: A 940, G 60. Uvimbe: G 900 na ushee. Ukiwa na damu na uvimbe tu utaapa G imeletwa na kansa, kumbe ilikuwepo utumboni siku zote!

Imefikaje 900? Seli ikigawanyika nakala zinagawiwa kwa bahati, huyu anapata G nyingi, yule chache, na vizazi vikipita kuna seli inabaki na G tupu, kansa ikianzia kwa hiyo basi uvimbe mzima unarithi G. Mwaka 1998 uvimbe 7 kati ya 10 wa utumbo mpana ulikutwa na mabadiliko ya hivi, mengi yameenea karibu nakala zote, watu wakadhani lazima yanaipa seli nguvu fulani, halafu 2001 ikaonyeshwa kwa hesabu kwamba bahati peke yake inatosha kufika hapo.

Sisemi hayana madhara hata kidogo. Angalia onkositoma, aina fulani ya uvimbe wa figo, seli zimejaa mitokondria pomoni, na mara nyingi unakuta jeni za mtambo wa kwanza wa kutengeneza nishati zimeharibika, hapo siwezi kusema bahati tu.

(Na vile vipande vya DNA ya mitokondria vilivyohamia zamani kwenye kiini cha seli, vichujeni, vinaleta heteroplazimi hewa.)

Kwa hiyo mnaponiletea sampuli, naomba tatu: damu, uvimbe, na tishu ya kiungo kilekile, isikatwe ukingoni mwa uvimbe maana seli za kansa huwa zimeshapenya pale, sogeeni mbali kidogo.