Ogani Haiharibu Mkono wa Fidla

Nimeulizwa kwa mara nyingine tena na mzazi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, ni lini mwanawe ataacha ogani, kinanda cha mabomba cha kanisani, ili mkono wake wa fidla usiharibike. Imani hii imenichosha. Wanaoieneza aghalabu ni walimu wa chombo kimoja tu, na sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiutaja msuli unaoharibika. Mwaka 1703 mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach aliajiriwa mjini Weimar kupiga fidla, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mpiga ogani wa mji wa Arnstadt. Mtunzi mwenzake Händel, aliyekuwa ametoka kuhudumu kwenye ogani ya kanisa kuu la Halle, aliingia mwaka huohuo katika okestra ya opera ya Hamburg akiwa na fidla. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 18, na mikono yao haikudhurika.

Kwa hiyo vidole tuviache. Miguu nayo inahitaji tu kuzifikia pedali, jambo ambalo umri hulimaliza wenyewe.

Vyombo hivi hugombana katika sikio, na hapo ndipo ningependa wazazi wanisumbue. Mpiga fidla huitafuta kila noti kwa kidole: huisogeza juu kidogo inapoelekea kutua kwenye toniki, noti ya nyumbani ya skeli, na huishusha inapokuwa noti ya tatu ya akodi ya meja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ili akodi itulie. Ogani ya kawaida ya leo imeiweka noti hiyo ya tatu juu zaidi, kwa takriban sehemu 14 katika kila 100 za nusu toni, wala haina mpango wa kuishusha kwa ajili ya mtu yeyote. Kisha kuna joto. Ukumbi ukiongezeka nyuzijoto 10 za Selsiasi, bomba lililokuwa likilia kwa hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, hukaribia 448, huku nyuzi za fidla zikilegea na kushuka. Na mabomba ya ulimi, yanayolia kwa kibamba cha chuma kinachotetemeka, hayapandi kwa kiasi hicho, kwa hiyo ogani yenyewe huanza kutoelewana. Anayepiga vyombo vyote viwili huishi na masikio mawili, moja linalosahihisha kila kitu na jingine linalolazimika kuvumilia.

Jambo la pili ni wakati. Fidla hulia chini ya sikio la mpigaji, lakini mabomba yanaweza kuwa mita 17 kutoka kwenye benchi, na sauti hutumia takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde kuuvuka umbali huo. Anayesubiri kujisikia ndipo aendelee huchelewa zaidi kila mstari, mpaka kwaya nzima inamburuta. Dawa yake ni kuamini vidole kuliko masikio, na dawa hiyohiyo ni sumu kwa mpiga fidla, ambaye kazi yake yote ni kusikiliza na kurekebisha. Vitabu vya mbinu hudai kwamba mazoezi huzitenganisha tabia hizi mbili. Mimi nina shaka. Wanafunzi wangu wanaotoka kwenye ogani bado huwatangulia wenzao katika vipande vya kwanza vya mazoezi ya okestra, hata wale walio hodari, na sina zoezi la kuliondoa hilo zaidi ya kuwaomba wafike mapema na kupiga skeli taratibu karibu na mwenzao.

Upinde, kwa upande mwingine, humsaidia mpiga ogani kuliko piano inavyomsaidia. Kukandamiza kibao kwa nguvu hakuongezi sauti ya bomba. Mkazo hupatikana kwa kuifupisha noti inayotangulia, na aliyezoea kuinua upinde hulielewa hilo kabla sijamaliza kulieleza.

Kinachowashinda vijana wengi ni kalenda. Krismasi na Pasaka ni majira ambayo kanisa haliwezi kumkosa mpiga ogani, na ndiyo majira ambayo okestra huwa na matamasha mengi. Anayetaka mikataba miwili azijadili wiki hizo kabla ya kutia saini, kwa kuwa mpiga ogani mbadala wa mkesha wa Krismasi hatafutwi mwezi Desemba.