Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito, Nani Anabaki na Mgonjwa?

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito akianza kutapika wiki ya nne au ya sita, mara nyingi haendi kwa aliyempasua. Anakwenda kituo cha afya kilicho karibu. Anakutwa amelegea, hajala siku kadhaa, na kinachofikiriwa kwanza ni dripu ya glukosi. Hapo ndipo hatari inapoingia. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili hadi tatu tu, na mtu anayetapika haijazi. Mwili hutumia B1 kuchoma sukari, kwa hiyo glukosi inayoingia kwa mshipa humaliza kile kidogo kilichosalia. Macho huanza kuchezacheza au kuona vitu viwiliviwili, mwendo unayumba, fahamu inavurugika. Akicheleweshwa, kumbukumbu huweza kupotea moja kwa moja. Kinga yake ni sindano ya B1 kwa mshipa kabla ya glukosi, na dripu ya kuanzia iwe ya maji ya chumvi.

Mhudumu wa kituo hicho hakufanya uzembe. Hakuambiwa na mtu yeyote kwamba mgonjwa huyu yupo, amefanyiwa nini, na nini asipewe. Ndiyo maana swali la nani afuatilie tunaliona kuwa sehemu ya matibabu yenyewe, la kujibiwa kabla ya kisu.

Msimamo wetu ni huu: miaka 2 ya kwanza ni ya timu iliyofanya upasuaji. Baada ya hapo mgonjwa akabidhiwe kwa maandishi kwa daktari mmoja anayejulikana kwa jina, amwone angalau mara 1 kila mwaka maisha yote, na mlango wa kurudi kwa timu ubaki wazi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, nao unataka miaka 2 ndani ya huduma iliyopasua, kisha uangalizi wa kila mwaka kwa ushirikiano na daktari wa ngazi ya msingi. Hatukubaliani na desturi ya kuachana na mgonjwa mara mshono unapopona. Wala hatudhani daktari wa upasuaji ambebe mgonjwa milele: mtu aliyepungua vizuri na kutulia anahitaji zaidi daktari anayejua presha yake, sukari yake na uzazi wake.

Kwa nini miaka 2? Kwa sababu mengi hubadilika humo kwa kasi. Dawa za sukari ndizo za kwanza. Insulini na glibenclamide huhitaji kupunguzwa au kusimamishwa mapema, mara nyingi kabla mgonjwa hajaruhusiwa, maana anakula vijiko vichache na sukari inaweza kushuka hadi azimie. Dawa za presha hufuata, hasa za kukojoza, kwani anayeshindwa kunywa lita 1.5 za maji kwa siku hukauka upesi na figo huumia. Uzito unaposhuka haraka, mawe hujitengeneza kwenye mfuko wa nyongo. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hupukutika. Zinazopukutika kwa mshtuko wa upasuaji huota tena, lakini mtaalamu wa lishe lazima ahakikishe mgonjwa anapata gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Uji mtupu haufikishi kiasi hicho. Mayai, samaki, maziwa, maharage yaliyopondwa na dagaa waliosagwa husaidia, kwa matonge madogo, na maji yanywewe nje ya mlo.

Vipimo vya damu hufanyika mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka: wingi wa damu, feritini (akiba ya madini chuma), foliki (vitamini B9), B12, vitamini D, kalsiamu, homoni ya parathiroidi (inayosimamia kalsiamu), figo na ini. Maabara ya wilaya huweza kupima wingi wa damu, figo na ini. Vilivyobaki mara nyingi hupelekwa maabara kubwa, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kukubali upasuaji. B12 isisahaulike. Ini huwa na akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu hujitokeza mgonjwa akiwa ameshaacha kliniki: ganzi miguuni, ulimi kuwaka, kuchoka. Akipewa foliki peke yake, damu huonekana kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Njia ya uhakika, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi (upasuaji unaofanya chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo), ni sindano ya miligramu 1 kila miezi 3, na hiyo muuguzi wa kituo cha afya anaiweza kabisa.

Mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 45 hadi 60 za madini chuma kila siku. Zisinywewe pamoja na chai wala kalsiamu. Ziachane kwa saa 2. Akianza kutamani udongo au barafu, apimwe feritini.

Kliniki ya wajawazito nayo ni sehemu ya ufuatiliaji, ingawa husahaulika. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi; kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Na akishika mimba, asipewe kipimo cha sukari cha kunywa glukosi, maana humletea jasho, mapigo ya mbio na kuzirai. Apimwe sukari ya kidole kwa wiki moja badala yake.

Yapo yasiyosubiri kliniki. Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika katika wiki za mwanzo yachukuliwe kuwa ni mshono wa ndani unaovuja hadi ithibitishwe vinginevyo, hata tumbo likiwa laini. Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa aliyefanyiwa baipasi, hata baada ya miaka, yanaweza kuwa utumbo ulionasa ndani. Anahitaji picha ya CT ya tumbo na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Na diklofenaki au ibuprofeni, zinazonunuliwa duka la dawa kama peremende, hutoboa vidonda kwenye maungio ya baipasi. Parasetamoli itumike.

Aliyewekewa puto ndani ya tumbo ili apungue uzito hajapasuliwa, ila naye ana mwenye jukumu la kumfuatilia: aliyeliweka. Maputo mengi hutolewa baada ya miezi 6, mengine 12, na tarehe hiyo iandikwe siku ya kuliweka. Kama lilijazwa maji yenye rangi ya buluu, mkojo ukibadilika kuwa wa kijani au buluu, puto limepasuka.

Wagumu zaidi kufuatiliwa ni waliofanyiwa India au Uturuki na kurudi ndani ya wiki moja mbili. Kwao miaka 2 ya timu haipo. Tunashauri wasipande ndege kabla ya kumpata daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa upasuaji hapa nyumbani aliyekubali kuwapokea.

Kila aliyepasuliwa, popote pale, atoke na karatasi yenye haya: aina ya upasuaji na tarehe, uzito wa siku hiyo, dawa zilizosimamishwa na zilizopunguzwa, vitamini na dozi zake, majibu ya mwisho ya damu, simu ya timu inayopokelewa usiku. Chini yake, kwa herufi kubwa: B1 KABLA YA GLUKOSI, HAKUNA DIKLOFENAKI, USIPITISHE MPIRA WA PUANI HADI TUMBONI BILA KUWASILIANA NASI. Nakala moja ibaki hospitali, moja iende kwa daktari anayempokea, moja akae nayo mgonjwa, na picha yake iwe kwenye simu ya mtu anayeishi naye.