Bomba la plastiki pekee halitoshi kulinda waya wa taa za bustani

Wengi huamini kwamba waya wa kawaida wa nyumbani, ule bapa, unaweza kufukiwa ardhini hadi kwenye taa za bustani au za getini mradi tu upitishwe ndani ya bomba la plastiki. Dhana hiyo inaeleweka, kwani bomba hilohilo hufanya kazi vizuri ukutani. Ardhini, hata hivyo, maji hupenya kwenye maungio, na hata pale gundi iliposhika barabara, hewa yenye unyevu iliyomo bombani hupoa usiku na kuacha matone, hivyo waya huweza kulala majini kwa miezi, ilhali ganda lake halikutengenezwa kwa hali hiyo. Tena bomba jembamba halizuii ncha ya jembe.

Kebo ya kufukia iliyozoeleka hutambulika kwa macho: ukiitazama ilipokatwa, utaona nyuzi za chuma zimezizunguka nyaya za ndani, chini ya ganda nene, aghalabu jeusi. Mwombe fundi akuonyeshe ncha hiyo kabla mtaro haujafukiwa, nawe upime kina chake, ambacho kwa kawaida huwa sentimita 45 hadi 60. Taa za volti 12 zina masharti mepesi zaidi, ingawa maungio yake nayo huoza yasipozibwa.