Hodi isiyo na mgeni: tunayodhani kuhusu uvimbe wa ubongo

Barazani Langoni, Lamu, baada ya alasiri, akitajwa mtu mwenye uvimbe wa ubongo, maneno mawili hutangulia: "kachezewa", yaani karogwa, na "ni ya ukoo". Kahawa haijapoa, na simu nayo imeshatiwa hatiani. Mimi nasomesha bayolojia hapa mjini, basi macho hunigeukia: "Mwalimu, wasemaje?"

Nianze na ya ukoo, maana hiyo ndiyo iwezayo kuvunja posa. Wengi wakisikia "jeni" husikia "urithi". Lakini mara nyingi jeni hizo zimeharibikia ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe, katika maisha yake, na wanawe hawazirithi. Maradhi ya kurithi kama neurofibromatosi yapo, ila yanahusu wagonjwa wachache.

Wengine hudhani onkojeni, jeni inayosukuma saratani, ni kidudu kilichoingia kutoka nje. Hilo silicheki, kwani za kwanza zilijulikana kupitia virusi vya kuku. Mwaka 1976 wanasayansi J. Michael Bishop, Harold Varmus na wenzao walionyesha kuwa jeni ile ya kirusi asili yake ni seli ya kuku mwenyewe. Wawili hao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Kumbe ni jeni zetu wenyewe za ukuaji, zilizokosa adabu.

Chukulia seli ni nyumba. Kichochezi cha ukuaji ni mgeni apigaye hodi, kipokezi ni mlango, na "karibu" ikiitikiwa seli hugawanyika. Katika glioblastoma, saratani inayoanzia ubongoni iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, jeni ya kipokezi EGFR huwa imejirudufu kwa takriban asilimia 40 ya wagonjwa. Nyumba ya mlango mmoja sasa ina milango chungu nzima! Baadhi yao wana pia mlango uliomeguka kipande, EGFRvIII, unaoitikia "karibu" hata barazani hakuna mtu. Kisha kuna PDGF, kichochezi kingine cha ukuaji: seli hutengeneza kichochezi na kipokezi chake pamoja, ikajibishia hodi yake yenyewe. Mwaka 1983 iligunduliwa kwamba onkojeni sis, iliyotoka katika kirusi cha kima, inakaribia kufanana kabisa na jeni ya PDGF.

"Basi si mfunge mlango?" aliniuliza mzee mmoja. Umejaribiwa kufungwa, mzee wangu. Dawa za kuzuia EGFR, zinazowafaa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu, kwenye glioblastoma zimeshindwa kurefusha maisha. Seli za uvimbe mmoja hazilingani. Ukifunga huu, nyingine zapitia ule. Dawa nyingine, bevacizumab, huzuia VEGF, kichochezi kinachoota mishipa mipya ya damu. Katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014 ilichelewesha uvimbe kukua, lakini wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi.

Simu? Tafiti hazijathibitisha kuwa huleta uvimbe. Mionzi mikali, kama ya tiba ya kichwa utotoni, hiyo imethibitishwa. Na si kila uvimbe ni saratani: meninjioma, uotao kwenye utando wa ubongo, mara nyingi hukua polepole na huweza kuondolewa kwa upasuaji.

Na yule "aliyechezewa"? Uvimbe ukikaa sehemu ya mbele ya ubongo, mtu mpole huweza kugeuka mkali, na mtu mzima asiyewahi kuanguka kifafa huanguka. Hapo kisomo na kisomwe, lakini boti ya kwenda Mokowe, bara, iwe inangoja, apelekwe kupigwa picha ya kichwa.