Ganeti ya kijani si zumaridi: itambue kwa mizani

Ganeti ya kijani inayotoka kwenye machimbo yetu na kufika kwa masonara wa Dar es Salaam ni madini ya kalsiamu, alumini na silika, ya aina ya ganeti iitwayo grosula. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Ukijani huletwa na metali kidogo ya vanadi, au kromi, iliyokalia nafasi ya alumini. Mjiolojia Campbell Bridges aliigundua mwaka 1967 karibu na Komolo, Simanjiro, Tanzania. Jina la kibiashara, tsavoraiti, lilitolewa mwaka 1974 kutokana na mbuga ya Tsavo, Kenya, nchi alikoikuta baadaye. Jiwe letu, jina la jirani.

Kwa rangi peke yake hata mzoefu hudanganyika. Uzito ndio husema kweli: ganeti hii ina uzito wa karibu mara 3.6 ya maji ya ujazo uleule, zumaridi 2.7, turmalini ya kijani 3.1. Pima jiwe ambalo halijafungwa kwenye pete. Lipime kwanza kavu, kwa karati (karati moja ya vito ni gramu 0.2). Kisha weka kikombe kidogo cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, na ulizamishe jiwe kwa uzi mwembamba bila kugusa kitako wala ukingo. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Jiwe la karati 2.00 likionyesha 0.55, gawanya 2.00 kwa 0.55: 3.64, ni ganeti. Zumaridi la uzito huohuo litaonyesha 0.74.

Zima feni kwanza, maana upepo wake unatosha kuchezesha namba. Kiputo kilichong'ang'ania jiwe huongeza namba, na ganeti ikasomeka kama turmalini; tone la sabuni ya vyombo kwenye maji hukiondoa. Chini ya nusu karati usiamini kipimo hiki: kosa la 0.01 tu, juu au chini, hukuacha popote kati ya 3.3 na 3.8. Kioo nacho kinaweza kutengenezwa kwa uzito unaokaribia wa ganeti, hivyo tazama ndani kwa lenzi ya mara 10. Viputo vya duara ni dalili ya kioo.

Ugumu wa jiwe hili la ganeti ni 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, na halina tabaka la kupasukia. Adui wake ni joto la ghafla. Sonara akichomelea pete jiwe likiwa ndani, kisha akaitumbukiza ya moto kwenye maji, nyufa huingia hapohapo na hazizibiki. Mwambie alitoe kwanza.